Kuogelea chini ya maporomoko: tafuta mdomo wa kidimbwi kabla hujavua viatu

Mpandamilima_Moro

Wakuu heshima kwenu.

Kiangazi kimeingia na simu yangu imejaa picha za watu wakiwa Materuni, Sanje, Choma na Kinukamori, wamesimama chini ya maji yanayodondoka wameinua mikono. Nafurahi mno nikiziona. Zamani huko ulikuta wageni wa kutoka nje na waongozaji wao tu. Siku hizi vijana wa Mbagala na Temeke wanachanga nauli, wanakodi Kosta, wanapanda mlima na kuogelea kwenye maji ya nchi yao wenyewe. Lakini kwenye picha hizo hizo naona kitu kinachonikosesha raha: karibu kila mtu anaingia majini pale pale njia inapoishia, kisha anaelekea moja kwa moja kwenye povu.

Kazi yangu ni kusindikiza watu milimani, Uluguru na Udzungwa. Ninachotaka mtoke nacho humu ni kimoja. Ukifika kwenye kidimbwi cha poromoko, achana kwanza na pale maji yanapoangukia. Pale hapahitaji kutafutwa, panasikika tangu uko mbali. Zunguka, nenda upande wa chini, utafute mdomo, yaani pale maji yanapotoka kidimbwini kuendelea na safari. Simama kwenye mdomo huo uangalie mpaka uridhike, ndipo uanze kufikiria kuvua viatu.

Sababu ni hii. Maji yote yanayoingia lazima yatoke, na wewe ukichoka, msuli ukikubana au ukishtuka, huko yanakotokea ndiko yatakakokupeleka. Mdomo ukiwa mpana, wenye changarawe na maji ya magotini, ukizidiwa unajilaza chali na mkondo unakufikisha mahali pa kusimama. Mdomo ukiwa ufa mwembamba kati ya mawe mawili, maji yanavutwa pale kwa nguvu ambayo mikono ya binadamu haishindani nayo, na kama kuna gogo limekwama, maji yatapita na wewe utabaki. Mdomo ukiwa ni ukingo wa poromoko jingine, hapo hakuna mjadala. Sanje, kule Udzungwa, iko hivyo. Maji yanashuka karibu mita 170 kwa awamu tatu, kwa hiyo ukiwa huko juu, mbele yako kuna bonde lote la Kilombero na mashamba ya miwa, na maji yaliyo miguuni mwako yanakwenda kudondoka. Pale juu kaa mbali na ukingo, tazama, piga picha, shuka. Kuogelea, ogelea kwenye vidimbwi ambavyo mwongozaji wa hifadhi anakuonyesha.

Kuna kipimo ninachokitumia kila nikifika, hata pale ninapopajua. Naokota majani makavu ya kujaza viganja viwili. Natupa machache kwenye povu, machache pembeni kando ya mwamba, machache katikati. Halafu natulia. Yale ya katikati kwa kawaida yanaelekea mdomoni taratibu. Ya pembeni ndiyo ya kuyakodolea macho: mara nyingi yanatambaa kando ya mwamba kurudi nyuma, yanaelekea kwenye poromoko, yakifika kwenye povu yanazama, yanaibuka mbele kidogo, yanarudi tena. Jani likizunguka hivyo mara tatu nne bila kutoka, na mtu naye atazunguka hivyo hivyo. Upande huo siingii wala simruhusu mtu aingie.

Povu lenyewe lina hatari yake ambayo wengi hawaijui. Ule weupe ni maji yaliyochanganyika na hewa, na maji yaliyojaa hewa hayabebi mwili kama maji matupu. Mtu anayeelea vizuri kabisa mita chache kutoka hapo, akiingia kwenye povu anajikuta amezama hadi puani huku anapiga mikono kwa nguvu zake zote. Chini ya povu maji yanagonga sakafu, yanakwenda mbele, kisha sehemu yake inapanda na kurudi juu juu kuelekea ukutani. Ukinaswa humo, usipigane kwenda mbele moja kwa moja kwa sababu unapingana na mkondo unaorudi. Toka kwa ubavu. Na ukiwa umeshasukumwa chini, maji ya chini ndiyo yanayotoka, kwa hiyo kwenda nayo kunakutoa upesi kuliko kung'ang'ania kuibuka pale pale ulipozamia.

Halafu baridi. Maji haya yanatoka kwenye misitu ya mlimani, na mtu wa Dar aliyezoea bahari ya Kigamboni hajawahi kukutana nayo. Ukijitosa kwa mpigo, mwili unavuta pumzi kubwa bila wewe kuamua. Kichwa kikiwa chini wakati huo, unachovuta ni maji. Mshtuko huo ni mkali zaidi mwanzoni kabisa na unapita ndani ya dakika tatu hivi. Basi ingia kwa miguu, jimwagie maji shingoni na usoni, subiri pumzi itulie ungali unagusa chini. Kuruka kwa kichwa, hapana kabisa, hata kama jana uliruka hapo hapo ukatoka salama. Mvua ya usiku mmoja inatosha kusogeza jiwe.

Karibuni tujadiliane, na wenye uzoefu wa sehemu zao waongeze.

Mangi_wa_Uru

Mkuu umenena. Mimi ni mtu wa Uru, Materuni ni nyumbani. Kwetu kidimbwi si kikubwa, kinachotusumbua ni kingine. Lile poromoko lina kama mita 80 kwenda juu, na juu yake kuna msitu. Maji hayashuki peke yake. Yanashuka na vijiwe, vipande vya matawi, wakati mwingine tawi zima. Jiwe la ukubwa wa ngumi likiachiwa kutoka urefu huo linafika chini kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Sasa mtu anakwenda kusimama chini yake, amefumba macho, ameinua uso juu.

Sisi vijana wa pale tunawaambia wageni: simama pembeni, pale panapofika mvuke na matone, utalowa vile vile. Wengi wanaelewa. Wachache wanaona tunawabania.

Na ile njia ya mwisho, jamani, mvua ikinyesha ule udongo ni sabuni. Wanaoumia kwetu wengi wanaumia njiani, si majini. Ukitoka majini mwili umepoa, miguu inatetemeka, ndipo unaanza kupanda. Vaa nguo kavu kwanza, kunywa kahawa, kisha upande.

Binti_Kaskazini

Assalaam alaykum wana jukwaa. Mie nimekulia Nungwi, bahari naijua tangu mdogo. Lakini nilipokwenda Marangu na wenzangu nikaingia kwenye maji ya mto, niliuona mwili mzito ajabu. Nikijilaza chali kama ninavyojilaza nyumbani, miguu inazama. Nikajiuliza kama ni woga au ni nini. Kaka Mpandamilima, hili ni la kweli au nilikuwa nimechoka tu?

Mpandamilima_Moro

Waalaykum salaam dada. Ni la kweli kabisa, hukuchoka wala hukuogopa. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila lita, na chumvi hiyo inayafanya yawe mazito kuliko maji ya mto kwa karibu asilimia 2.5. Maji mazito yanabeba zaidi. Kwa mtu wa kilo 60, tofauti hiyo ni sawa na kubebeshwa kilo moja na nusu ukiwa ndani ya maji ya mto. Kwa kuwa mwili wa binadamu uzito wake umekaribiana sana na wa maji, kilo moja na nusu ndiyo inayoamua pua iwe juu au chini.

Kwa hiyo watu wa pwani, nyinyi mnaojua kuogelea kweli, msifikiri mmemaliza. Ukifika mtoni jipime upya kwenye maji ya kifuani: jilaze, ona unaelea vipi, jifunze kujaza mapafu na kuachia pumzi kidogo kidogo. Dakika kumi zinatosha.

Binti_Kaskazini

Nashukuru kaka. Niongeze la nguo, kwa ajili ya dada zangu. Kwetu Nungwi kuna Panje Project, wanawafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejistiri mwili mzima, kwa hiyo kujistiri na kuogelea vinakwenda pamoja bila tabu. Ila nguo iwe ya kubana mwili. Dera au khanga ukiingia nayo kwenye maji yanayokwenda, inajisokota miguuni, na ikijaa maji inakuvuta. Nimewaona kinadada wanaingia na dera kwa sababu walikuja bila nguo nyingine na wanaona aibu. Mwambieni mapema anayekuja na nyinyi abebe suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu. Na mtandio ubaki ukingoni, kofia ya kuogelea inatosha.

Baba_Wawili

Ndugu zangu, mimi nitasema tofauti. Mpwa wangu alizama kwenye kidimbwi cha mto kijijini kwetu, alikuwa darasa la sita. Alikuwa na wenzake watano na hakuna aliyejua la kufanya. Tangu siku hiyo sioni sababu ya mtu mzima mwenye akili kupeleka watoto kwenye maporomoko kwa ajili ya picha. Hizi sehemu ziwekewe uzio. Watu waende kwenye mabwawa ya hoteli.

Mpandamilima_Moro

Pole sana ndugu yangu. Pole kwako na kwa dada yako.

Nakuheshimu, na nitakujibu kwa heshima hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na watoto wadogo na vijana ndio wengi. Kwetu wengi wao hawakuwa wamekwenda kutalii. Walikuwa wanachota maji, wanafua, wanavuka kwenda shule, wanachunga ng'ombe. Mto uko nyuma ya nyumba, uzio utauweka wapi? Mtoto wa kijijini ataufikia mto tu, na atakwenda na watoto wenzake, kama alivyokwenda mpwa wako.

Ninaloliona mimi ni kwamba wale watano walihitaji kujua mambo mawili matatu: wasimfuate majini, watafute kitu kinachoelea wamrushie, mmoja akimbie kuita mtu mzima. Hayo hatuwafundishi. Umoja wa Mataifa umeweka tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama, tangu 2021, na kwenye shule nyingi siku hiyo inapita kama siku nyingine.

Kwenye sehemu zenye mdomo mbaya nakuunga mkono: pawekwe alama, na mtu asiingie.

Mzee_wa_Matombo

Wajukuu zangu, nimesoma yote. Mimi ni Mluguru wa Matombo. Sisi tulipokuwa wadogo, kila kidimbwi kikubwa kilikuwa na mwenyewe. Ulikuwa huendi peke yako, huendi jioni, hupigi kelele, na mara ya kwanza unakwenda na mtu mzima wa ukoo anakuonyesha unapokanyaga. Kuna vingine tuliambiwa visiguswe kabisa, na hatukugusa. Leo vijana wanakuja na spika kubwa, muziki unazidi sauti ya maji. Mtu akipiga kelele ya kuomba msaada, nani atamsikia?

Mpandamilima_Moro

Shikamoo babu.

Hilo la spika umelisema vizuri kuliko nilivyoweza kulisema mimi. Nami nathibitisha: vidimbwi vyote vya Uluguru ambavyo wazee waliniambia nisiingie, nilipokwenda kuangalia midomo yake, ni ufa au ni ukingo. Vyote. Ndiyo maana nikifika kijiji nisichokijua, naanza kwa mwenyekiti na kwa mzee mmoja, naomba wanipe kijana wa hapo. Anachokijua yeye kuhusu maji yale sitakijua mimi kwa kutazama saa moja.

Mzee_wa_Matombo

Marahaba mjukuu wangu.

DktKijijini

Salaam. Naona hakuna aliyegusa afya, niseme.

Kichocho. Vimelea vyake vinatoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi, huhitaji kunywa maji wala kuwa na kidonda. Konokono hao wanapenda maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole, yenye majani na jua. Chini kabisa ya poromoko, kwenye maji ya kasi na mwamba mtupu, si makazi yao. Shida ni kwamba watu wakimaliza poromoko wanateremka kwenye sehemu pana, tulivu, yenye nyasi ukingoni, karibu na mashamba na mahali watu wanapofulia, wanakaa humo mchana kutwa kwa sababu maji yamepata joto. Hapo ndipo penye kichocho, na saa za jua kali ndizo vimelea vinapotoka kwa wingi.

Dalili za mwanzo zinaweza kuwa muwasho wa ngozi, na wiki kadhaa baadaye homa, kikohozi, kuumwa tumbo. Wengine hawaoni kitu kwa muda mrefu mpaka mkojo uwe na damu, au choo. Usikimbilie kupima kesho yake, hakutaonekana kitu. Pima kuanzia wiki ya sita hadi ya nane baada ya kuogelea. Dawa ni prazikwanteli, inapatikana, na kipimo chake kinategemea uzito wako, kwa hiyo nenda kituo cha afya ukapewe kwa vipimo.

Jingine ni homa ya mgunda. Mnakumbuka Lindi mwaka 2022, watu wa Ruangwa waliugua homa, kutokwa damu puani na uchovu, baadhi wakafariki. Ule ni ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na wanaingia kupitia michubuko na maji machafu. Ukiwa na kidonda kibichi usiogelee mtoni, hasa baada ya mvua iliyoosha mashamba na mazizi. Na ukipata homa ndani ya wiki chache baada ya safari, mwambie daktari kwamba uliogelea mtoni. Watu hawasemi, wanapimwa malaria tu, wanarudishwa nyumbani.

Mkwale254

Habari zenu kutoka Kwale. Sisi huku Shimba Hills tuna Sheldrick Falls, mita 21 tu, lakini kidimbwi chake ni cha kuogelea kweli. Mnashuka na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mwenye bunduki kwa sababu ya ndovu, na yeye ndiye anawaambia muingie lini na mtoke lini. Nakubaliana na mwenye uzi: mdomo wa pale ni mpana na maji ni ya chini, ndiyo sababu watoto wanaweza kucheza.

Ila mimi nataka kusema kuhusu mvua ya mbali, maana imetuua sana Kenya. Hell's Gate, Naivasha, Aprili 2012, vijana saba wa kanisa walisombwa ndani ya korongo. Septemba 2019 ikatokea tena, watalii wakafa pamoja na mwongozaji wao. Ndani ya korongo unaweza kuwa unaona anga bluu. Maji yanatoka mlimani ambako wewe huoni. Yakifika hayaji polepole, yanakuja kama ukuta, na korongo halina pa kukimbilia.

Mpandamilima_Moro

Asante sana ndugu wa Kwale, hili nililiacha na halikupaswa kuachwa nje.

Kuna dalili zinazotangulia, na ukizijua zinakupa muda wa kutoka. Maji yaliyokuwa kama kioo yanaanza kuwa na rangi ya chai. Majani na vijiti vibichi vinaongezeka ghafla. Sauti ya poromoko inabadilika, inakuwa nzito, na mara nyingi sikio linajua kabla ya jicho. Jiwe uliloweka nguo zako linaanza kulowa upande wa chini. Mimi nikifika naweka kijiti ukingoni, kichwa chake sawasawa na uso wa maji, na kila baada ya muda nakitazama. Kikifunikwa, nafukuza kila mtu majini, hakuna picha ya mwisho. Mnapanda ukingoni kwenda juu, hamkimbii kufuata mto kwenda chini.

Na ndiyo maana Machi hadi Mei mimi sipeleki mtu kuogelea kwenye poromoko. Kutazama, sawa. Hiyo ndiyo miezi ambayo yanapendeza kuliko wakati wowote, na huo ndio mtego wenyewe. Juni hadi Oktoba ndio msimu, na mvua za vuli zikianza, unaangalia siku kwa siku.

Mjukuu_Muskati

Nami nawasalimu kutoka Muscat. Babu zetu walitoka Unguja na nyumbani tunaongea Kiswahili, kwa hiyo mada hii nimeisoma kwa hamu. Huku tuna mabonde, wadi. Wadi Shab karibu na Tiwi ndiyo maarufu: unavushwa kwa boti ndogo, unatembea kwenye korongo, unafika kwenye vidimbwi vya kijani, unaogelea kutoka kimoja hadi kingine, mwishoni unapita kwenye ufa wa mwamba ambao kichwa tu ndicho kinapita juu ya maji, unatokea kwenye pango lenye poromoko ndani yake. Ni kitu cha ajabu, masha-Allah.

Na ule ufa ndio mdomo anaousema kaka Mpandamilima. Siku maji yakiwa yamepanda kidogo tu, pale pa kupitisha kichwa panafungwa. Wenyeji wanapima kwa macho kabla ya kuingia, wageni wanaingia tu kwa sababu wameona video.

Na hilo la mvua ya mbali kwetu ndilo lenye msiba. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu wengi huku, wakiwemo watoto wa shule waliokuwa ndani ya basi huko Samad al Shan. Nchi ni kavu, ardhi ni mwamba, mvua ikinyesha milimani maji yote yanashuka bondeni kwa mara moja. Tukisikia tahadhari ya hali ya hewa, hatuendi wadini, hata jua likiwa linawaka.

Mwalimu_Ifakara

Habari za leo wakuu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nataka kuwapeleka wanafunzi wangu Sanje muhula ujao. Baada ya kusoma hapa nimeogopa na nimepata moyo kwa wakati mmoja. Nipewe maelekezo: nibebe nini, na mtoto akizama nifanye nini? Nimeona watu wakimbeba aliyezama kichwa chini miguu juu, au wanamkandamiza tumbo atoe maji. Ndivyo?

DktKijijini

Mwalimu, sivyo, na asante kwa kuuliza. Kumning'iniza na kumkandamiza tumbo kunapoteza dakika ambazo hana, na kunaweza kumfanya atapike na yale matapishi yakaingia kwenye mapafu. Aliyezama amekosa hewa. Mpe hewa.

Mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui kawaida, inua kidevu kichwa kiende nyuma kidogo, mbane pua, weka mdomo wako kwenye mdomo wake umpulizie pumzi tano, uone kifua kinainuka. Kisha mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30, mpulizie mara mbili, 30 tena, mbili tena, bila kukata tamaa mpaka apumue au msaada ufike. Akizinduka mlaze ubavu, mfunike, na apelekwe hospitali hata kama anasema yuko mzima, kwa sababu mapafu yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye. Jizoezeni na walimu wenzako kabla ya safari, kuna wauguzi hapo Ifakara watakaokubali kuwafundisha.

Mpandamilima_Moro

Daktari amemaliza la ukingoni, mimi niseme la majini. Beba dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kinachobana na kamba ya mita 20 imefungwa kwenye mkono wake. Weka maji kidogo ndani, kama vikombe viwili, ili liende mbali ukilirusha. Dumu hilo linambeba mtu mzima bila shida. Mtu mmoja, mtu mzima, kazi yake siku hiyo ni kusimama na dumu karibu na mdomo wa kidimbwi. Haogelei, hapigi picha, hashiki simu. Mtoto akizidiwa, dumu linarushwa mbele yake, anashika, anavutwa. Mwambie kila mwanafunzi, tena na tena, kwamba rafiki akizama hamfuati. Anayezama anamkumbatia aliyekuja kumsaidia, wanakwenda wawili.

Waingie kwa makundi madogo, wawili wawili wanaoangaliana, na uwahesabu wakiingia na wakitoka. Wasiojua kuogelea wabaki maji ya kiunoni, na wala hawatakosa kitu, maji ya poromoko yanafurahisha hata ukikaa kwenye jiwe. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi 112, lakini mlimani mtandao unakatika, kwa hiyo jua kabla hujapanda ni wapi simu ilishika mara ya mwisho na nani atakimbia hadi hapo.

Waonyeshe na nyani wa Sanje wakiwaona njiani. Ni jamii ya mangabe ambayo wanasayansi waliitambua mwaka 1979 tu, na duniani kote anaishi kwenye misitu ya Udzungwa peke yake. Mtoto wa Kilombero amwone kabla ya mgeni.

Kijana_wa_Tabata

Mkuu mimi na wenzangu tumeshawishika. Tunatoka Dar, hatuna gari. Tunafikaje huko Sanje, na viatu gani?

Mpandamilima_Moro

Pandeni basi la Ifakara. Mtapita Morogoro, mtafika Mikumi mjini, basi litaacha barabara kuu na kukata kushoto kuelekea Kidatu. Msishuke Sanje kwanza, endeleeni hadi Mang'ula, ndiko makao makuu ya hifadhi yalipo, mnajiandikisha, mnalipia na kupewa mwongozaji. Laleni Mang'ula, asubuhi mapema mnarudi Sanje kuanza kupanda. Kwenda na kurudi chukulieni saa nne za kutembea, bila kuhesabu muda wa kuogelea. Udzungwa haina barabara ya gari ndani, kila kitu ni kwa miguu.

Viatu, raba zenye meno ambazo huogopi zikilowa, na mziingie nazo majini. Kandambili acheni gesti. Jiwe lenye ute wa kijani halikanyagiki hata kwa mguu mtupu, na chupa zilizovunjika ziko. Majani ya kurusha mtayakuta huko huko.